Kutoka Makole hadi Kolo, na historia isiyo na kibao

Jumatano moja ya mwezi Septemba binti yangu wa darasa la tano alirudi nyumbani, hapa Makole, akiwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa kwenye daftari: ataje maeneo matano ya kihistoria yaliyo karibu na anapoishi, na aeleze kila moja lina umuhimu gani. La pili hakulitoa kwenye begi. Alilitoa usiku, taa imeshazimwa.

"Mama, eti kwa nini Wagogo ni ombaomba?"

Baba yake ni Mgogo. Mimi ni mtu wa Tanga. Tuliishi Dar es Salaam miaka mingi, tukahamia huku serikali ilipohamia. Chumba cha pili alikuwa amelala bibi yake, mama mkwe wangu, aliyezaliwa kijiji cha upande wa Mvumi na ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu zaidi ya maji ya kunawa. Wenzake darasani ndio walioanza. Utani ni mali yetu Watanzania, na mimi na mashemeji zangu hutaniana mpaka machozi yatoke. Lakini mtoto wa miaka kumi hajajua bado mipaka ya utani. Anachojua ni kwamba amechekwa.

Nilimwambia tutazungumza Jumamosi. Mzazi mwenzangu, wewe unajua jibu kama hilo lina maana gani: sikuwa na jibu.

Jumamosi tulitoka saa moja asubuhi, kabla jua la Dodoma halijapata nguvu: mimi, baba yao, binti na mdogo wake wa miaka sita. Tungeweza kuchukua bajaji mpaka mjini, lakini baba yao alisema historia haitazamwi kutoka kwenye bajaji. Tukatembea, kila mtu na chupa yake ya maji. Ukija na watoto huku miezi ya kiangazi usilisahau hilo, kwa sababu upepo wa hapa hukausha midomo kabla mtoto hajajua kwamba ana kiu.

Njiani alianza na jina la mji wenyewe. Dodoma limetokana na neno la Kigogo, "idodomya", yaani imezama. Hadithi ambayo wengi tumeisikia ni ya tembo aliyekuja kunywa maji akanasa kwenye tope, watu wakamwona anavyodidimia, wakapaita mahali hapo kwa tukio hilo. Ila kuna hadithi ya pili, na hiyo ndiyo waliyoipenda watoto. Inasemwa kwamba Wagogo fulani waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala wote, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipokuja kufuatilia nyayo walikuta mikia imechomekwa kwenye tope na wenyeji wamesimama kando kwa huzuni: jamani, ng'ombe wenu, idodomya, wamezama! Mdogo alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Dada yake aliuliza kama tukio hilo linaweza kuandikwa kwenye daftari la shule. Baba yake akamwambia aandike la tembo.

Tulifika stesheni ya zamani. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, ikamalizikia Kigoma 1914. Siku hizi watoto wetu wanaijua SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na stesheni ya zamani wanaiona kama ghala. Jengo halijielezi lenyewe. Siku hiyo baba ndiye aliyekuwa kibao.

Akawauliza: kabla ya treni, watu walipitaje hapa? Kwa miguu, akasema mkubwa. Ndiyo, kwa miguu, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, misafara ya watu mamia kwa mamia wamebeba vitambaa na shanga kwenda bara, na kurudi na pembe za ndovu, na katika misafara mingine watumwa waliofungwa minyororo. Njia kuu ilikatiza Ugogo. Na Ugogo ni nchi kavu. Anayejua maji yaliko ni mwenyeji, na mwenye visima ni mwenyeji. Kwa hiyo kila msafara uliofika ulilazimika kusimama, kutuma watu kwa mtemi na kulipa hongo, kwa vitambaa, shanga na waya za shaba, ndipo upate maji na ruhusa ya kununua chakula. Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa tu, lakini wakati huo ilikuwa kama ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Wazungu waliopita hapa, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliacha vitabu vyenye manung'uniko marefu juu ya hongo ya Wagogo. Walilipa hata hivyo. Bila maji ungefika wapi?

"Kwa hiyo wao ndio walikuwa wanawaomba Wagogo," alisema binti yangu.

Baba yake hakujibu mara moja. Mimi niliona bega lake limepanda kidogo.

Kutoka stesheni hadi Nyerere Square si mbali. Watoto walipiga picha kwenye sanamu ya Mwalimu, na sehemu hii nitaipitisha haraka kwa sababu imeandikwa kila mahali: uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo na kuvunjwa 2017, na mji ukatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Kwa daftari la shule hiyo ni alama ya bure. Mdogo alitaka aiskrimu, akapewa.

Hapo tulikuwa na maeneo mawili. La tatu lilihitaji safari.

Jumamosi iliyofuata tuliazima gari tukaelekea Kondoa. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati iwekwe lami, safari hii imekuwa ya kwenda na kurudi siku moja, ingawa ni siku ndefu. Unapita Chemba, unafika Kondoa mjini, unasonga mbele mpaka kijiji cha Kolo, karibu kilomita 180 kutoka Dodoma. Hapo kuna ofisi ya Mambo ya Kale. Unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kuwaongoza, kisha mnafuata barabara ya vumbi na kumalizia mlima kwa miguu. Vaa viatu vya kufunga. Mimi nilivaa kandambili kwa ujinga wangu nikapanda nimeshika mawe kama mtoto anayejifunza kutembea.

Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mapango na vipenyo vya miamba vyenye michoro vimetapakaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, vingine hata havijahesabiwa vizuri. Louis na Mary Leakey walikaa huku mwaka 1951 wakinakili michoro hii, na Mary akaja kuitolea kitabu mwaka 1983. Ila picha za kitabuni hazikuandai. Unafika juu, unavuta pumzi, unatazama mwamba na huoni kitu. Kisha kiongozi anakuonyesha kwa kijiti, bila kugusa, na ghafla twiga anatoka. Kisha pofu. Kisha watu warefu, wembamba, wenye vichwa vya ajabu kama wamefunga vilemba, wote kwa rangi nyekundu iliyokolea.

Kwenye mchoro mmoja mashuhuri mtu anayeonekana kuwa mwanamke amesimama katikati, na pande zote mbili wapo watu waliomshika mikono. Mary Leakey aliona ni mwanamke anayetekwa, upande mmoja wakimvuta na upande wa pili wakimzuia. Wengine wanasema hapana, ni ngoma, au ni uganga. Binti yangu alisimama hapo muda mrefu kuliko penginepo pote. Mdogo wake yeye alikuwa na hoja tofauti. Mwezi uliopita alichapwa kwa kuchora ukutani kwenye nyumba ya kupanga, sasa akataka kujua hawa waliruhusiwa na nani.

Michoro myekundu inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa matunda, watu wa ukoo mmoja na Wasandawe ambao bado wanaishi jirani na hapa na wanasema lugha yenye sauti za kugonga ulimi. Michoro myeupe iliyo juu yake ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Na mahali penyewe si makumbusho yaliyokufa. Kwenye Mungomi wa Kolo Warangi wa vijiji vya karibu wanaendelea kufanya matambiko, kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Kwa hiyo ukiingia, ingia kama unavyoingia kwenye nyumba ya ibada ya watu wengine. Usimwagie mwamba maji ili picha ing'ae, kama walivyokuwa wakifanya wageni wa zamani. Maji yanaila rangi. Na kama una ndugu anayeamini kwamba Mjerumani alizika mali kwenye kila pango la nchi hii, mwache nyumbani. Waliochimba wakitafuta mali hiyo wameharibu pengi, na mali hawakuiona.

Tulirudi usiku. Njiani binti aliniuliza kwa nini Kolo, mahali pa watu ambao hata majina yao hatuyajui, pana kibao cha dunia nzima, na kwa Bibi hakuna kibao. Nilimwambia labda kwa Bibi hakukutokea kitu. Nilisema hivyo kwa uchovu tu, na kesho yake nilijuta.

Kwa sababu kesho yake, Jumapili, baada ya kula, baba yao alimsimulia mama yake safari yote, pamoja na lile swali la ombaomba. Sikutaka alitaje. Mama mkwe alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua uso. Akasema tu, "Waambie ni Mtunya."

Neno hilo mimi nilikuwa sijalisikia, nina miaka kumi na miwili kwenye ndoa. Mume wangu alilisikia utotoni lakini hakuwahi kusimuliwa. Nimeona baadaye kwamba wanahistoria wameliandikia, akiwemo Mmarekani Gregory Maddox. Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Na haikuletwa na ukame peke yake; Wagogo walijua kuishi na ukame. Kwanza ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe na nafaka. Katikati ya mwaka 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakachukua ng'ombe na nafaka. Wanaume wenye nguvu wakakusanywa kuwa wapagazi wa pande zote mbili, na wengi hawakurudi. Mashamba yakabaki na wazee, wanawake na watoto. Ndipo mvua ikakatika. Na ghala ambazo zingewavusha hazikuwa na kitu. Juu ya yote hayo yakaja yale mafua makali ya mwaka 1918 yaliyoua watu dunia nzima.

Jina lenyewe, Mtunya, lina maana ya kugombania, kunyang'anyana.

Bibi wa mama mkwe wangu alikuwa msichana wakati huo. Walikuwa na ng'ombe, wakachukuliwa. Walikula ubuyu, wakala mizizi, wakachemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Alikuwa na mdogo wake wa kike. Siku moja mama yao aliwashika mikono wote wawili wakatembea kuelekea magharibi, kwa watu waliosemekana bado wana mtama. Chini ya mbuyu mmoja, nje ya kitongoji, walikutana na watu hao. Mama yao alirudi na mtoto mmoja na kibuyu cha mtama. Makubaliano yalikuwa kwamba mvua ikinyesha watarudisha mtama na kumchukua mtoto. Mvua ilikuja. Walikwenda. Watu wale walikuwa wamehama, na mpaka leo hakuna anayejua yule mtoto alikulia wapi, au kama alikua.

"Kwa nini hukutuambia, Mama?" mume wangu aliuliza.

"Mwanangu, nani anajisifia njaa?"

Kisha akamtazama binti yangu, ambaye tulidhani yuko nje anacheza kumbe amesimama mlangoni, akamwambia kwamba jina lake la nyumbani, lile la Kigogo ambalo yeye peke yake humwitia, ndilo lilikuwa jina la mtoto huyo. Kila kizazi wamempa msichana mmoja ili lisipotee. Sitalitaja hapa.

Mimi na mume wangu tulibishana usiku ule. Yeye alisema mtoto wa miaka kumi hapaswi kubeba habari ya mtoto kubadilishwa na mtama. Mimi nilisema ameshabeba "ombaomba", ambalo ni zito zaidi na halina maelezo. Nadhani bado hatujakubaliana sawasawa. Ninachojua ni kwamba mtu anayetoka kijijini na watoto wake mwaka wa ukame kutafuta chakula, anayemwona barabarani haoni ng'ombe waliochukuliwa wala ghala lililofagiliwa. Anaona mkono ulionyooshwa, anautungia utani.

Tulipokuwa Dar es Salaam tulikuwa tukipita Posta karibu kila wiki, pale ilipo Sanamu ya Askari kwenye Mtaa wa Samora. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyohivyo. Watoto waliijua vizuri, ilikuwa alama ya kwamba tumekaribia kushuka. Juu yake amesimama askari mwenye bunduki. Yule aliyebeba mzigo wa askari hakuchongwa, na familia iliyobaki na shamba bila mwanamume nayo haipo. Nilimwonyesha binti picha yake kwenye simu. Aliitazama akasema, "Kumbe hii ni ya Mtunya." Sikumsahihisha.

Eneo la nne alilipata kwa baba yake, bila safari, kwa kuwa pesa ya mafuta ilikuwa imekwisha. Ni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Walioupanga hawakuijua mvua ya huku wala udongo wake, ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameliwa na vichaka. Mama mkwe alikuwa mtoto mdogo na anakumbuka watu wakisimulia juu ya mashine hizo. Alisema Mzungu na matrekta yake yote alivuna kidogo kuliko mama yake na jembe moja, na hakuna aliyemwita ombaomba. Baadaye, kuanzia mwaka 1964, Kongwa ikawa na kambi ya wapigania uhuru wa nchi za kusini: FRELIMO wa Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Wakati wa likizo ya Desemba tutakwenda kupaona, barabara ikiruhusu.

Ikabaki nafasi ya tano. Kwa siku mbili ilikaa wazi. Nilimpendekezea makumbusho ya miamba ya Taasisi ya Jiolojia, ambayo iko hapahapa mjini, nikamwambia miamba hii ya Dodoma ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Aliguna. Alhamisi asubuhi, nikimfunga nywele, nililiona daftari mezani. Ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: "5. Mbuyu ulio kijijini kwa Bibi. Umuhimu wake: hapo familia yetu iliachana na mtoto mmoja wakati wa njaa ya Mtunya, kwa sababu jeshi lilichukua chakula."

Mwalimu alirudisha madaftari wiki iliyofuata. Manne yana alama ya vema. La tano lina alama ya vema pia, na pembeni kwa wino mwekundu ameuliza: kijiji gani, na mbuyu uko upande gani?

Binti hakujua. Akamchukulia Bibi daftari uani. Mama mkwe wangu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya sabini, na husoma kwa kufuatisha kidole. Alisoma swali la mwalimu mara mbili. Kisha akaomba kalamu ya risasi, akageuza ukurasa, na akaanza kwa kuchora barabara inayotoka Mvumi.